Hatupigi Langoni

Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya tamasha, tulipigiwa simu tukaambiwa kwamba jukwaani hatutapanda. Tutapiga langoni.

Aliyepiga alikuwa kijana wa ratiba, mmoja wa waandaaji wa tamasha hilo la jazz, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti ya mtu anayekupa zawadi. Alinieleza kwa furaha kabisa. Wageni wa wadhamini watakuwa wanafika Jumapili mchana, akasema, na hakuna kitu kitakachowapendeza kama kupokelewa na banjo za makopo. Watu watapiga picha. Viti vitatu vimeshatengwa, kulia kwa lango, chini ya mwavuli.

"Na nafasi yetu ya saa tisa?" nikauliza.

"Ile tumempa mtu mwingine, nnyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Lakini langoni mtapiga kwa muda wa saa tatu nzima. Jukwaani mngepata dakika ishirini tu. Mmefaidika."

Simu yangu ilikuwa wazi kwa wote, kwa hiyo wenzangu wawili walisikia kila neno. Tulikuwa uani kwa Afande, huko Banda, chini ya mlima wa Kyambogo, katika mazoezi yetu ya mwisho. Afande ni sajini mstaafu, mwanamke mpana wa mabega, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya polisi mpaka meno ya mbele yalipomwacha. Alipokosa meno akahamia kwenye nyuzi. Yeye ndiye mwenye banjo kubwa, iliyotengenezwa kwa ndoo ya bati ya rangi ya lita ishirini, na sauti yake ni nzito kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Mimi nina banjo ya kati. Ya tatu, ndogo, ya kopo la maziwa ya unga, ni ya Papa, fundi viatu kutoka Kongo ya mashariki. Zote tatu alizitengeneza yeye: kopo, ngozi ya mbuzi, shingo ya mvule, na nyuzi alizozifumua kutoka kwenye waya wa breki za baiskeli.

"Nani ametoa hiyo oda?" Afande akauliza.

"Kamati."

"Kamati imeandika? Imeweka sahihi?"

"Amesema kwa simu tu."

"Simu," akasema Afande. Alilitamka neno hilo kama anavyolitamka jina la mkwewe.

Papa aliiweka banjo yake juu ya mkeka, akaifunika kwa shati lake la kazi. "Miye sipigi tena kwa mlango," akasema. "Mwende nyinyi wawili. Miye nitabaki na viatu."

Tulijua alichokuwa anakisema. Alikuwa ametusimulia mara moja tu, na mara moja ilitosha. Miaka ya mwanzo alipofika Kampala, kabla hajapata kile kibaraza cha kushonea viatu kule Old Kampala, Papa alikuwa anapiga banjo kwenye malango. Lango la hoteli, lango la ukumbi, lango la sherehe za watu. Anasema langoni mtu anakusikiliza kwa mguu mmoja, ule wa pili umeshaingia ndani. Siku moja aliitwa kwenye harusi ya watu wa kanisa la mkewe. Mkewe alikuwa ndani, mgeni mwalikwa, amekaa na akina mama wenzake. Papa alipiga tangu asubuhi. Chakula kililetwa nje katika sahani ya karatasi. Mvua ilipoanza, mtu akaja mbio akalifunga lile lango, na Papa akabaki upande wa barabarani. Huko ndani mmoja wa akina mama akauliza ni mwendawazimu gani huyo anayegonga bati kwenye mvua. Wote wakacheka. Mkewe naye akacheka, kwa sababu angefanya nini? Usiku alimwambia mumewe mwenyewe, kwa aibu, na Papa akamjibu kwamba angekuwa yeye pia angecheka. Lakini tangu siku hiyo hakupiga tena langoni, na mkewe hakuwahi tena kumsikia akipiga mbele ya watu.

Sasa Mama, ndivyo tunavyomwita mkewe, alikuwa amewaambia wenzake watatu wa kanisa kwamba Jumapili saa tisa mume wake atapanda jukwaani. Walikuwa wameshashonesha vitenge vya kufanana.

Kuna jambo moja la kwangu hapa. Mimi naandika riwaya, na naziandika kwa Kiswahili, lugha niliyokulia nayo katika kambi za jeshi, mtoto wa askari kutoka kaskazini. Katika mji huu, wapenda vitabu wengi wakisikia hivyo wananitazama kama niliyeingia sebuleni na viatu vya shamba. Wakati mmoja, baada ya kusoma kurasa zangu mbele ya watu, bwana mmoja mwenye miwani mizuri alinishika bega akaniambia, kwa upole mkubwa, kwamba naandika vizuri ila Kiswahili hapa Kampala ni lugha ya askari wa geti. Nilitabasamu. Mpaka leo sijajisamehe lile tabasamu. Kwa hiyo niliposikia kwamba tumetengewa viti vitatu kulia kwa lango, chini ya mwavuli, nilihisi joto likipanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na sikutaka lipoe.

"Papa," nikasema, "hakuna atakayepiga kwa mlango. Tunaenda jukwaani."

"Kwa njia gani, mama? Banatufukuza."

Afande alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na ratiba tuliyopewa mwezi uliopita tulipokubaliwa: jina la kundi letu, Jumapili, saa tisa, jukwaa kubwa. Siku ile alikataa kuipokea mpaka igongwe muhuri, nasi tulimcheka njia nzima.

"Oda ya maandishi haifutwi kwa simu," akasema. "Mpaka waandike nyingine, hii ndiyo iko na nguvu. Papa, vaa shati. Tuanze tena kutoka juu."

Lazima nieleze tunavyopiga, la sivyo yaliyotokea Jumapili hayataeleweka.

Nilimjua Papa kwa sababu ya kisigino. Nilipeleka kiatu changu kwenye kibaraza chake, mbele ya duka kuukuu lililojengwa na Wahindi, nikamkuta na Afande wanapiga banjo kati ya mteja na mteja. Nikakaa. Nikarudi kesho yake na kiatu kizima, nikidai kimeharibika. Papa alikitazama, akanipa banjo.

Sasa, kwenye kibaraza wateja hawangoji wimbo uishe. Mtu anakuja na soli imebanduka, ana haraka, Papa anainuka. Huwezi kukata wimbo kila anapoinuka, hamtapiga kitu. Kwa hiyo wanaobaki wanazunguka palepale, duara lilelile la wimbo, tena na tena, mpaka Papa agonge misumari yake, arudishe chenji, akae na kuingia pale alipotokea. Tukiwa uani kwa Afande, naye akienda kutazama chungu chake, tunamzungukia. Mimi nikipigiwa simu, wananizungukia. Hakuna anayeruhusiwa kumaliza wimbo wakati mwenzake yuko nje. Siku moja tulimzungukia Papa mpaka nikaota lengelenge, kwa sababu mteja alikuwa na mabuti manne ya kijeshi. Hatukuwahi kuiita desturi. Kwetu ulikuwa ndio upigaji wenyewe.

Jambo la pili ni ngozi. Ngozi ya mbuzi ikipata unyevu inalegea na banjo inanuna. Kabla ya kupiga tunawasha sigiri ya makaa, tunazigeuza banjo juu yake taratibu kama mtu anayechoma mahindi, mpaka ngozi ikaze. Hatuna kifaa cha kupimia sauti. Banjo ya Papa ikishapata moto, mimi nafuata yake, na Afande anafuata yangu. Basi.

Tamasha lilikuwa na sharti kwamba kila kundi lipige wimbo wake wa mwisho pamoja na mpiga piano wao. Wiki moja kabla, siku ya jua kali, tulikutana naye katika ukumbi mmoja mjini, dada mrefu mwenye vidole vyembamba na maneno machache. Tukapiga. Piano yake na banjo zetu zikakubaliana kama majirani wa siku nyingi. Tukaondoka tukiamini jambo hilo limekwisha. Hatukujua kwamba ni jua lililotusaidia.

Jumapili saa sita mvua ikaja kutoka ziwani. Uwanja wa tamasha ulikuwa upande wa Ggaba, nyasi nzuri zinazoteremka kuelekea majini, na mvua ya huko hainyeshi tu, inakaa hewani kama shuka iliyotoka kufuliwa. Tulifika saa nane, banjo zimefungwa ndani ya kavera nyeusi, mifuko ya plastiki, Afande mbele akiwa na kofia yake ya kanisani na bahasha mkononi.

Viti vitatu vilikuwepo kweli. Kijana wa ratiba akatukimbilia mikono imenyooka.

"Karibuni sana. Mmependeza. Kaeni hapa, wageni wanaanza kufika."

Afande hakukaa. Alisimama katikati ya njia ya magari, akafungua bahasha. "Soma hii."

Kijana akasoma. "Bambi, pole nnyabo, karatasi hii ni ya zamani."

"Ni ya mwezi jana. Mimi ni ya zamani zaidi na bado natembea."

"Ratiba ilibadilika. Nilipiga simu."

"Kama iko nyingine, lete. Na muhuri."

"Nnyabo, leo Jumapili, muhuri nitautoa wapi?"

"Ndiyo nakuuliza."

Nyuma yetu gari moja lilisimama, kisha la pili, kisha yakawa saba, yote ya wageni wenye kadi za dhahabu kifuani. Sikuweza kujua kama Afande alipachagua pale makusudi. Alikuwa amewahi kuongoza magari kwenye maandamano ya kitaifa, na anajua mahali ambapo mtu mmoja akisimama njia nzima inakufa. Honi zikaanza. Mimi nikaenda kusimama kushoto kwake. Papa, ambaye tangu tushuke kwenye teksi alikuwa hajainua macho, akaja kusimama kulia. Tukabaki hivyo na kavera zetu. Askari wa lango, mzee aliyekuwa na Afande katika kambi moja zamani, alijishughulisha sana na kamba ya kiatu chake.

"Dada," kijana akanigeukia mimi, kwa Kiingereza sasa, akidhani mimi ndiye mwenye akili, "hebu waeleze wazee. Wataonekana na watu wengi zaidi hapa."

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Hatukuja kuonekana. Tumekuja kupiga. Na hatupigi langoni."

Alipiga simu mbili. Alizunguka kimoja cha vile viti vya langoni mara tatu. Honi zikawa kumi. Mwishowe akashusha mikono.

"Dakika ishirini," akasema. "Zikifika ishirini, mnashuka."

"Tukimaliza, tunashuka," Papa akasema polepole. Hakuna aliyesikia kwamba hayo yalikuwa mambo mawili tofauti.

Sigiri yetu walituzuia kuiingiza. Moto ni marufuku nyuma ya jukwaa, na ukitazama zile nyaya zote unaona wana haki. Basi tukaenda kwenye mahema ya chakula, kwa mama mmoja aliyekuwa anachoma sato. Alitazama banjo zetu zote tatu, akauliza kama tumekuja kuziuza au kuzipika.

"Kuzipa joto tu, mama," nikasema.

"Za mbuzi?"

"Za mbuzi."

"Msiziweke upande wa samaki wangu. Watasema nimewachanganyia nyama."

Tukazigeuza, tukazigeuza. Unyevu ulikuwa umeingia mpaka ndani, ngozi ya Afande ilikuwa laini kama shavu la mtu. Zilipokaza kidogo tuliogopa zitalegea tena kabla hatujapanda, kwa hiyo tukazidisha. Nyuzi zikaimba. Papa akakaza ya kwake, mimi nikamfuata, Afande akanifuata. Zilisikika safi, kali, na kwa kweli sijawahi kuzisikia zikipendeza namna ile. Tulipanda ngazi za jukwaa tukinuka samaki.

Chini, kwenye nyasi, watu walikuwa wamekaa kwenye mablanketi na glasi zao. Safu ya mbele ilikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe, vya wadhamini, na katikati ya vitambaa hivyo walikaa akina mama wanne wenye vitenge vya kijani vya kufanana, mikoba mapajani. Kijana mwingine wa tamasha alikuwa ameinama anawaeleza kitu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akabaki alipokaa.

Vicheko vilianza walipoona banjo. Si vya ubaya, ni vile vya mtu aliyeona mbwa amevaa soksi. Mmoja akapaza sauti kutoka pembeni, "Hizo ni jazz au ni jikoni?" Watu wakafurahi.

Papa akaivuta maikrofoni karibu. "Ni jikoni," akasema. "Na yule mwenye kuuliza amekaa bila kula."

Walicheka tena, safari hii upande wetu. Wimbo wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda vizuri zaidi. Nilimwona mzee mmoja mwenye suti akiweka glasi chini ili mkono wake uwe huru kupiga paja. Nilianza kufikiri kwamba basi, imekwisha, tumeshinda, na kumbe ndipo dada wa piano alipopanda.

Piano ile ilikuwa fahari ya tamasha. Ilikuja kwa lori peke yake, imefunikwa mablanketi kama mgonjwa. Dada akakaa, akatutikisia kichwa, Papa akaanza wimbo wa tatu. Duara la kwanza ni letu, la pili naye anaingia. Akaingia.

Sijui nieleze vipi ile sauti. Moto wa mama wa samaki ulikuwa umeipandisha sauti yetu juu kuliko siku ile ya jua, lakini si juu ya kutosha kufika mlango unaofuata. Tulikuwa katikati, kwenye ukuta wenyewe, kati ya kitufe na kitufe. Dada akashtuka, akahamia kitufe cha juu. Vibaya zaidi. Akarudi cha chini. Uso wake ulifanya kazi kama wa mtu anayejaribu funguo gizani huku mtu anamtazama. Kisha akanyanyua mikono, akaiweka mapajani, akaacha.

Watu wakaanza kuguna. Fundi wa sauti akatazamana na kijana wa ratiba. Na mimi, nakiri, mkono wangu ulianguka. Niliacha kupiga. Niliona miwani mizuri ya yule bwana aliyenishika bega, ingawa hakuwepo pale, niliiona katika kila uso. Nikawaza: wana haki, tungekaa langoni, langoni hakuna piano.

Papa na Afande waliendelea. Duara moja. La pili. Papa hakunitazama wala hakunikunjia uso. Alikuwa anazunguka tu, kama anavyozunguka Afande anapokwenda kutazama chungu, bila haraka, kwa sababu nilikuwa nje na nitarudi. Aibu yangu ikakosa mahali pa kukaa. Katika duara la tatu nikarudi.

Nilidhani sasa tutamaliza. Tulipofika mwisho Papa akaanza tena. Dakika ishirini zilikuwa zimepita. Kijana wa ratiba alionekana chini, anachora duara hewani kwa kidole, kisha anakata shingo yake kwa kiganja. Papa akaanza tena. Maikrofoni zikazimwa. Nilizisikia zikifa, sauti yetu ikarudi ghafla kuwa ndogo, ya ukubwa wa kibaraza, nyuzi za baiskeli na makopo matatu kwenye uwanja mzima. Papa akaanza tena.

"Afande," nikasema kwa pembe ya mdomo, "kwa nini hamalizi?"

"Yule dada bado iko nje," akasema Afande, kama vile nimeuliza kwa nini jua linawaka.

Walikuwa wanamngoja. Kwao, mpiga piano wa tamasha alikuwa kama mwenzetu aliyeinuka kwenda kwa mteja, na wimbo wetu ungezunguka mpaka arudi, hata kama ni mpaka kesho. Na yeye maskini alikuwa amekaa pale akiomba tumalize ili ashuke. Kila upande ulikuwa unamngoja mwenzake.

Nilitembea nikipiga mpaka kwenye piano. "Dada, tunakungoja wewe."

"Siwezi," akanong'ona. "Hampo kwenye noti yoyote. Nimetafuta pote."

"Najua. Ingia hivyohivyo."

"Kwa noti gani?"

"Usitumie noti. Gonga."

Alinitazama. Akamtazama kijana wa ratiba, aliyekuwa sasa amepanda ngazi ya kwanza. Kisha akafunga kifuniko cha vitufe polepole, kwa heshima, akavua pete mbili akaziweka juu ya piano, na akaanza kukipiga kile kifuniko kwa viganja.

Ile mbao ililia. Labda ilikuwa imengoja kugongwa tangu itoke kiwandani. Ilikuwa na tumbo zito na mgongo mkavu, na dada alikuwa anajua kuliko sisi sote mahali pa kuweka pigo na mahali pa kuacha. Afande aligeuza kichwa akamtazama kwa mara ya kwanza kama anavyomtazama mtu wa bendi. Kwa kuwa hapakuwa na maikrofoni, waliokaa mbali hawakusikia, na waliotaka kusikia ilibidi waje. Wakaja. Wengine na viatu mkononi, kwa sababu nyasi zilikuwa tope. Wengine hawakuja, walibaki na mablanketi yao, na wengine walizomea kidogo, nisiseme uongo. Kijana wa ratiba akatutolea macho. "Ile piano ni ya kuazima," aliniambia nilipompita, na sauti yake ilikuwa inakaribia kulia. Nilimhurumia kwa kweli. Sikuacha kupiga.

Tulimpa dada maduara manne kamili, kama anavyopewa yeyote aliyerudi. Katika la nne Papa akainua shingo ya banjo, na tukamaliza wote mahali pamoja.

Makofi yalikuwa ya mkono kwa mkono, ya watu waliosogea karibu, unaweza kumtofautisha mmoja mmoja. Kundi lililofuata lilikuwa limeshasimama ngazini na saksafoni zao zinang'aa. Kijana wa ratiba akamwambia Afande kwamba mwakani tusisumbuke kujaza fomu.

"Andika," Afande akasema. "Uweke muhuri."

Papa hakuinama wala hakupunga mkono. Alifuta jasho, akakitazama kiti alichokuwa amekalia akipiga, kisha akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa na kumwita mkewe.

"Mama wa nyumbani. Panda unisaidie kubeba."

Banjo yake ni nyepesi. Akiwa na viatu vya wateja mkono wa pili anaibeba kwa kidole. Mama aliwatazama wenzake. Wote watatu wakamtazama yeye. Akampa mmoja mkoba, akavua viatu, akapanda zile ngazi zenye tope akikishika kitenge chake cha kijani, na wale wa saksafoni wakabana ubavuni kumpisha. Papa akamkabidhi banjo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kuona kama ina ufa, akainusa, akakunja pua. Kisha akageuka kutazama mbele, mahali alipokuwa amekaa, viti vyeupe, watu, ziwa nyuma yao.

"Kumbe huku juu kuko upepo," akasema.

"Kuko," Papa akajibu.

Kijana alituomba tena tushuke, akasema tafadhali. Tulisimama pale mpaka Mama aliposema sasa twende.